Tujenge Nasari Yetu, au Tungoje Kaunti?



Swali hili nimeulizwa katika vikundi vitatu tofauti upande huu wetu wa Navakholo, na kila mara limeulizwa na akina mama kabla ya wazee kufungua mdomo. Kikundi kina akiba kidogo, mwanachama mmoja amejitolea kipande cha shamba, mabati ishirini yamepatikana. Watoto wa miaka minne na mitano wanashinda nyumbani kwa sababu shule ya msingi iko mbali na njia inapita katikati ya miwa. "Sasa Madam, tujenge nasari yetu hapa, au tungoje kaunti?"

Jibu langu la kwanza huwa haliwapendezi watu. Huwa nasema: msijenge bado. Hayo mabati wekeni mahali pakavu. Kwanza tuhesabu watoto.

Nitaeleza kwa nini, lakini ni vizuri tukumbuke kwanza tulikotoka, maana wengi wanadhani nasari ni jambo jipya lililoletwa na kaunti. Si kweli. Baada ya uhuru mwaka 1963, nasari nyingi nchini zilijengwa kwa harambee, bila shilingi ya serikali. Mimi mwenyewe nilisoma nasari katikati ya miaka ya 1980 ndani ya kanisa dogo la jumuiya yetu. Jumapili mabenchi yalikuwa ya wakubwa, Jumatatu yakawa yetu. Mwalimu alikuwa binti wa jirani aliyeishia darasa la saba. Alilipwa kwa mahindi na maharagwe, na wakati mwingine hakulipwa kabisa. Tulikaa tukiimba mpaka saa sita, tukakunywa uji, tukaenda nyumbani. Nikilinganisha na watoto wengine waliofika darasa la kwanza bila kupita pale, ninajua huyo dada alinifanyia kazi kubwa ambayo mshahara wake haukuonyesha.

Serikali nayo haikuwa imelala kabisa. Mwaka 1971 Wizara ya Elimu ilianza mradi wa elimu ya watoto wadogo ikisaidiwa na shirika la Bernard van Leer Foundation la Uholanzi. Mradi huo ulifundisha walimu na kuandika vitabu vya kuwasaidia. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa kinachoitwa NACECE, kisha vituo vya wilaya, DICECE, ambako walimu wetu wa vijijini walisomea wakati wa likizo huku wakiendelea kufundisha. Lakini darasa, dawati, uji na mshahara vilibaki mgongoni mwa wazazi.

Halafu ikaja Januari 2003. Elimu ya msingi ikawa bila malipo, na sote tulifurahi. Ila nasari haikuwekwa ndani. Mzazi wa kijijini akafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeifanya: kwa nini nilipe nasari wakati darasa la kwanza ni bure? Wengine waliwaacha watoto nyumbani mpaka wafike umri wa darasa la kwanza, wengine wakawaingiza darasa la kwanza wakiwa bado wadogo mno. Nilikuwa kijana wakati huo, na nakumbuka nasari moja ya jirani ilivyobaki na watoto wachache kiasi kwamba mwalimu alifunga mlango akaenda kuuza nyanya sokoni. Simlaumu. Hata wale wazazi siwalaumu. Walioumia ni watoto waliojaa darasa la kwanza, wengi kwa mwalimu mmoja, hawajawahi kushika chaki.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyobadilisha mambo. Ukisoma Jedwali la Nne utaona elimu ya kabla ya shule ya msingi, vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya kutunzia watoto vimewekwa katika kazi za kaunti. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, zikachukua mzigo huo: kuajiri walimu, kujenga madarasa, kukagua. Siku hizi tunasema PP1 kwa mtoto wa miaka minne na PP2 kwa wa miaka mitano, kisha gredi ya kwanza akiwa na miaka sita. Sisi wengine bado tunasema nasari, na hakuna ubaya.

Kwa hivyo mtu akikuambia nasari ni mambo ya kanisa, au ni mambo ya akina mama, mwambie kwa upole kwamba sheria imeiweka mikononi mwa kaunti. Lakini pia tuseme ukweli wote. Kaunti yetu ya Kakamega ina wadi 60. Navakholo peke yake ni wadi tano. Kila kijiji kina haja yake, na kaunti haiwezi kujua haja ya kijiji ambacho hakijaandika mahali popote. Hapo ndipo kikundi kina kazi ya kufanya.

Hesabu ya majivu

Kuna kikundi kimoja kando ya kijito kinachomwaga maji yake Nzoia. Sitakitaja jina kwa sababu wanachama hawakunipa ruhusa. Walikuwa wameshaamua kujenga. Niliwaomba siku moja tu. Tulikaa chini ya mwembe, tukachora kijiji chini kwa majivu: barabara, kijito, shule ya msingi, kanisa, duka, kisima. Kila mama akaweka jiwe kwa kila mtoto wa boma lake aliye chini ya miaka sita. Jiwe dogo kwa mchanga bado, jiwe kubwa kwa mwenye miaka minne au mitano. Liguru alikuwapo, na alipoona mabishano alisaidia sana, maana yeye anajua boma ambazo watu hawapendi kuzitaja.

Mambo matatu yalionekana pale chini. La kwanza, watoto wa umri wa nasari walikuwa zaidi ya thelathini, lakini mawe madogo yalikuwa machache. Yaani baada ya miaka mitatu darasa lao jipya lingekuwa nusu tupu. Hii ndiyo sababu nasema msihesabu wa leo peke yao. Nasari yenye watoto kumi haiwezi kumlisha mwalimu, na kaunti haitaleta mwalimu kwa watoto kumi.

La pili, shule ya msingi ya umma haikuwa mbali kama walivyokuwa wakisema. Kwa mwendo wa mtoto ni kama dakika arobaini. Na ilikuwa na darasa la PP1 lenye nafasi na mwalimu wa kaunti. Kilichozuia watoto ni kijito. Kuanzia Aprili mvua ikikolea maji yanapanda, na kivuko ni gogo moja linaloteleza. Mama mmoja akasema, "Mimi mwenyewe nikiwa na ndoo naogopa, nitamwachilia mtoto wa miaka minne?"

La tatu lilikuja polepole. Bibi mmoja alikuwa ameweka jiwe kisha akalitoa. Alipoulizwa alisema huyo mtoto hahesabiwi, hatembei vizuri. Tulikaa kimya kidogo. Halafu mwenyekiti akainuka akalirudisha jiwe mwenyewe.

Mwisho wa siku ile kikundi kiliacha mpango wa darasa. Kilitengeneza daraja la miguu: magogo manne yaliyofungwa pamoja, mbao juu yake, na fito za kushika pande zote mbili kwa kimo cha mtoto, si cha mtu mzima peke yake. Msaidizi wa chifu aliarifiwa na fundi wa kijiji akasimamia. Kisha wakapanga zamu: kila asubuhi akina mama wawili wanakusanya watoto njia panda, wanawavusha, wanawafikisha, na saa sita wawili wengine wanawarudisha. Mvua ikinyesha usiku kucha, mwenye zamu anaangalia maji kwanza, na yakiwa yamepita alama iliyochongwa kwenye mti, siku hiyo hakuna kuvuka. Gharama ilikuwa ndogo sana kuliko ya darasa. Mabati yao bado yapo.

Mimi sisemi kila kijiji shida yake ni daraja. Mahali pengine shule iko kilomita nne, na hapo hakuna zamu itakayosaidia, maana mtoto wa miaka minne akitembea kilomita nne atafika amechoka na atalala darasani. Hapo lazima darasa lisogezwe karibu. Nasema tu kwamba mpaka uhesabu hujui shida yako ni gani.

Shamba la nani?

Sasa tuchukue kwamba mmehesabu na mmeona darasa linahitajika hapo kijijini. Jambo la kwanza ni ardhi, na hapa naomba msome polepole kwa sababu ndipo nimeona machozi mengi.

Mzee anasema kwa moyo safi, "Chukueni hii kona, ni ya watoto." Watu wanapiga makofi, maombi yanasomwa, msingi unachimbwa. Hakuna karatasi. Baada ya miaka michache mzee anafariki. Wana wanagawana shamba, na shamba zetu za siku hizi mnazijua, kila mtu anapata kipande cha kusimama. Yule aliyeangukiwa na kona ya nasari ana watoto wake wa kulisha. Nimeona darasa lililogeuzwa kuwa ghala la mahindi. Nimeona lingine likibomolewa, mabati yakauzwa, na kijiji kizima kikiwa na hasira kwa kijana ambaye kisheria hakukosea.

Fanyeni hivi. Pendeleeni ardhi ambayo tayari ni ya umma au ya taasisi: kiwanja cha shule ya msingi, cha zahanati, cha kanisa kwa mapatano yaliyoandikwa. Kama ni lazima iwe shamba la mtu, basi mke au wake zake na wanawe watu wazima wote wajue na waweke sahihi, mbele ya chifu. Hiyo karatasi ya chifu ni mwanzo tu. Kipande hicho kipimwe, idhini ya bodi ya ardhi itafutwe, maana shamba la kilimo haligawanywi bila idhini hiyo, na hatimiliki itoke kwa jina linalofaa. Inachukua muda na inagharimu pesa. Lakini bila hiyo kaunti haitajenga, kwa sababu pesa za umma haziwekwi kwenye shamba la mtu binafsi. Vikundi vingi vinalaumu kaunti kumbe wamekwama kwa hatimiliki.

Mkisubiri, msikae bure. Darasa linaweza kuanza ndani ya kanisa au chini ya banda. Kwa watoto hawa jengo linakuja mwisho.

Mwalimu anakula nini?

Mtu wa kwanza katika nasari ni mwalimu. Watoto wakiwa na mwalimu mzuri chini ya mti wanajifunza, na wakiwa na mwalimu mbaya ndani ya jengo la mawe wanaogopa shule maisha yao yote. Siku hizi vijana wengi vijijini mwetu wamesomea kazi hii wakabaki nyumbani kwa kukosa ajira. Mtafuteni mmoja wao. Awe amesajiliwa na tume ya walimu, TSC, maana kaunti ikija kuajiri haitamchukua asiyesajiliwa, na mtakuwa mmempotezea muda.

Mshahara ndio mtihani. Tuchukue mfano tu. Watoto ni 30, mzazi anaombwa shilingi 150 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni shilingi 4,500. Sasa mnajua wenyewe jinsi inavyokuwa. Malipo ya miwa yakichelewa, nusu ya wazazi hawalipi. Mwezi wa tano, ambapo ghala ni tupu, hata wale wazuri hawalipi. Mwalimu anapata 2,000, anavumilia muhula mmoja, wa pili anaenda Nairobi kufanya kazi ya nyumba.

Hapa nataka tujifunze kwa ndugu zetu Waislamu wa Pwani. Katika miaka ya 1980 huko Mombasa, mwalimu mmoja anayeitwa Bi Swafiya Said alianza nasari zilizounganishwa na madrasa za mitaa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baadaye nasari zake zikapita 200. Walichofanya kilikuwa rahisi kueleza na kigumu kutekeleza. Kijiji hakikupewa nasari. Kijiji kilitia sahihi mapatano: sisi tutatoa mahali, kamati na wanawake wa kufundishwa, nyinyi mtatufundisha na kutufuata kwa karibu. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya pale pale. Na jamii zilihimizwa kuchanga mfuko ambao hauliwi, unaongezwa na mpango wenyewe, ili faida yake isaidie mshahara wa mwalimu wakati ada zimekwama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliopita nasari, hata zile za kawaida, walikuwa mbele ya waliobaki nyumbani, na wale wa Madrasa walikuwa mbele zaidi.

Huo mfuko usioliwa ndio ninaotaka mfikirie. Ni kama ng'ombe wa maziwa: mnakunywa maziwa, hamchinji ng'ombe. Kikundi chenu tayari kinakopeshana pesa kila mwezi. Mkitenga shilingi 40,000 kuwa mfuko wa nasari, zikopeshwe kwa wanachama kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, mwezi unaleta 2,000. Hizo zikiunganishwa na ada za wazazi wanaolipa, mwalimu anabaki. Lakini mfuko huu uandikwe kitabu chake peke yake. Ukichanganywa na pesa za merigoraundi, mwisho wa mwaka utagawanywa Krismasi pamoja na zingine, na hakuna atakayekumbuka ulikuwa wa nini. Na mkopaji asiyerudisha afuatwe mapema, hata kama ni mweka hazina. Hasa kama ni mweka hazina.

Kama kikundi hakijasajiliwa, anzeni na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ilipitishwa mwaka 2022. Bila cheti benki haifungui akaunti, na bila akaunti hata mfadhili mwema atawaogopa.

Gunia moja kwa muhula

Uji unaleta watoto kuliko kengele. Watu wanadhani ni gharama kubwa, basi tupige hesabu. Mtoto mdogo kikombe chake kinahitaji unga kama gramu 40. Watoto 30 ni kilo moja na robo kwa siku, tukikadiria. Siku tano ni kilo sita na kidogo, yaani gorogoro tatu za kilo mbili mbili na kidogo juu. Muhula wa majuma 13 ni kama kilo 80. Gunia moja la kilo 90 linatosha na kubaki. Boma thelathini, kila boma kilo tatu wakati wa mavuno. Hakuna boma hapa Navakholo ambalo halitoi kilo tatu mwezi wa nane. Shida ni kuzitafuta mwezi wa tano. Basi zikusanywe mwezi wa nane na kuwekwa.

Msisage mahindi peke yake. Changanyeni na wimbi au mtama, na soya kidogo kwa ajili ya kujenga mwili. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kupelekwa kwa kinu, maana soya mbichi inasumbua tumbo. Mahindi yenye ukungu msiseme ati yatachanganywa hayataonekana. Ukungu huo una sumu, na mtoto anaumia kuliko mtu mzima.

Mkiwa na watoto mahali pamoja kila siku, mengine ya afya yanakuwa rahisi. Kibuyu chirizi na sabuni karibu na choo ni kazi ya asubuhi moja. Mhudumu wa afya wa jamii akija, anawapata wote kwa matone ya vitamini A, ambayo mtoto anapaswa kupata kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano. Mpango wa taifa wa dawa za minyoo shuleni, ulioanza mwaka 2012, umekuwa ukiwahesabu watoto wa nasari pia, lakini mtoto aliye nyumbani ni rahisi kusahauliwa. Na mwalimu akiangalia miguu kila Jumatatu, funza hawafiki mahali pa kumfanya mtoto ashindwe kutembea.

Kucheza ni kusoma

Kuna mzozo mmoja ambao huwa naukuta kila mahali. Mzazi anakuja nasari anaona watoto wanafinyanga udongo, analalamika: "Nilimleta asome, sio acheze. Udongo si uko nyumbani?" Anataka Kiingereza. Anataka kazi ya nyumbani kurasa tatu. Na nasari za kulipia huko sokoni zinampa anachotaka, ndiyo maana anatutisha nazo.

Ndugu zangu, kufikia miaka mitano ubongo wa mtoto umeshafika karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Unajengwa kwa kuongea naye, kumgusa, kumwacha apange na kubomoa. Mtoto anayefinyanga udongo anatayarisha vidole vitakavyoshika kalamu. Anayepanga vifuniko vya soda kwa rangi, vitatu huku, vinne kule, huyo yuko kwenye hesabu. Magunzi, mbegu za mwembe, vibuyu vidogo, mwanasesere wa maganda ya mgomba: gharama ni sifuri. (Maharagwe wapeni wakubwa. Wadogo wanayatia puani, na safari ya zahanati kwa ajili ya haragwe moja nimeifanya.)

Kuhusu lugha, msiwaonee haya watoto kwa kusema Kinyala. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 imekuwa sera ya nchi kwamba mtoto aanze kwa lugha ya mahali anapoishi. Anayeijua hadithi kwa lugha ya bibi yake ataielewa kwa Kiswahili na baadaye kwa Kiingereza. Waiteni akina bibi waje Ijumaa wasimulie. Wengi wao wanangoja kuitwa tu.

Yule wa jiwe lililotolewa

Narudi kwa yule mtoto asiyetembea vizuri. Kila kijiji kina mmoja au zaidi. Tangu mwaka 1984 nchi yetu ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vinaitwa EARC, na kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo mtaelekezwa. Apelekwe mapema. Watoto wengine wanahitaji tu kusaidiwa kukaa vizuri, au kuletwa kwa boda boda siku tatu kwa wiki. Huyu wa kando ya kijito anavushwa mgongoni mwa mama wa zamu. Ametulia kuliko wote darasani, mwalimu anasema.

Kuna pia mtoto ambaye hatumwoni kabisa kwa sababu tunamwona akifanya kazi. Ni dada wa miaka tisa au kumi anayebaki nyumbani kushika mtoto mdogo wakati mama yuko kwenye palizi ya miwa. Mdogo akienda nasari, dada anarudi shule. Mkipiga hesabu ya faida ya nasari yenu, muwahesabu hao wasichana pia.

Na cheti cha kuzaliwa. Shule zinakiulizia wakati wa kumwandikisha mtoto, na wazazi wanaanza kukimbia Januari. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huarifiwa kupitia msaidizi wa chifu. Ikipita miezi sita inakuwa usajili wa kuchelewa, na karatasi zinaongezeka. Katibu wa kikundi atembee boma kwa boma mwezi wa tisa akiangalia nani hana.

Lini muende kaunti

Sasa lile swali, tungoje kaunti? Msingoje. Mwendee kaunti, lakini mwende kwa wakati wake. Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mkienda Juni kuomba darasa, pesa zimeshagawanywa kitambo. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Maana yake ni kwamba barua yenu iwe imefika kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wa wadi, MCA, kufikia Julai au mapema, na mikutano ya kutoa maoni ikiitwa, mwende watu wengi, akina mama mbele. Hiyo mikutano mara nyingi inatangazwa kwa muda mfupi, na watu watano wanaamua kwa niaba ya elfu. Mtu mmoja wa kikundi apewe kazi ya kuulizia kila wiki.

Barua isiwe ya kulia. Iwe ya ukurasa mmoja: watoto wetu ni wangapi kwa kila umri, kila kijiji, shule ya karibu iko umbali gani na njiani kuna nini, ardhi tuliyo nayo na karatasi zake, tulichokwisha kufanya wenyewe, tunachoomba. Kama kazi yenu ya kwanza ni mwalimu, ombeni mwalimu, msiombe darasa kwa sababu tu kijiji jirani kimepata darasa. Kila barua itolewe nakala, na nakala igongwe muhuri wa ofisi iliyopokea, na tarehe. Nimeona maombi mazuri yakipotea, na asiye na nakala hana la kusema.

Kikundi cha kando ya kijito waliandika barua yao kwa mtindo huo. Hawakuomba darasa. Wameomba daraja la saruji na mwalimu wa pili wa PP1, maana watoto wao wamejaza lile darasa la shule ya msingi. Jibu bado. Nakala yenye muhuri iko kwa katibu, ndani ya sanduku la pesa, na zamu ya kuvusha inaendelea.

Vikundi vingine vinavyotaka tufanye hesabu ya majivu, chagueni siku ambayo si ya soko, muwaalike liguru na mwalimu mkuu wa shule ya karibu, na mlete mawe ya saizi mbili. Majivu nitakuta.